Unga wa Kanisa Ulipofika Mlangoni Kwetu

Mama yangu hajawahi kusonga bukari bila kumtangulizia Mungu chake. Bukari ndio ugali wetu wa Kamina, unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, na mtu asiyeupata siku nzima husema hajala hata kama ametafuna kuku mzima. Maji yakishachemka, kabla unga haujaingia sufuriani, mama huteka konzi moja na kulitia katika kopo la bati lililokaa nyuma ya mlango wa jikoni. Hafanyi dua ndefu. Konzi linaingia, kifuniko kinarudi, mwiko unafanya kazi yake.

Wanawake wote wa kanisa letu la Kimethodisti hufanya hivyo. Jumamosi saa tisa mchana kila mmoja hubeba kopo lake mpaka uani kwa kanisa, unga humiminwa kwenye mabeseni, kisha hupelekwa kwa wenye shida: wajane, wagonjwa, wazee ambao watoto wao wamekwenda na hawajarudi. Wala haupelekwi kimyakimya. Wanawake huvaa sare, hujitwika mabeseni, na huimba na kucheza barabara nzima mpaka mlangoni kwa anayehusika, tena mchana kweupe. Ikifika jioni, mtaa wote unajua ni nani aliyekosa wiki hiyo.

Siku moja mgeni aliyetoka Lubumbashi alimwambia mama kwamba desturi hii inawaaibisha maskini, afadhali unga upelekwe gizani. Mama alimwangalia kuanzia viatu hadi kilemba. "Mungu akikuletea kintu," akamwambia, "atakuletea mu giza, sawa mwizi?"

Kwa miaka kumi na moja mama ndiye aliyekuwa mtunzaji wa unga huo. Orodha ya nyumba zenye shida ilikaa kwake, ndani ya mkoba mweusi. Kila Jumamosi alisimama uani kwa kanisa akaisoma kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, nyumba moja baada ya nyingine, kisha akaanzisha wimbo na kutangulia. Sijawahi kumwona nyuma. Hata kwenye mazishi, mama yangu huwa mbele.

Sisi ni watu wa kujivuna, sifichi. Babu yangu mzaa baba alifika Kamina kutoka mbali kutandika reli, akasahau kurudi kwao. Babu mzaa mama alikuwa Mluba, mwalimu wa shule ya kanisa, mtu wa kuchana nywele kabla ya kuitika hodi. Reli na shule zikaoana, tukazaliwa sisi, watu wa kunyoosha shingo. Baba ni mashinisti, yaani ndiye anayeendesha treni, na katika kambi ya reli tunamoishi nyumba ya mashinisti haina haja ya kujieleza. Tangu nipate akili sikuwahi kusikia nyumba ya mashinisti ikitajwa kwenye ile orodha. Hakuna sheria iliyokataza. Ilikuwa haifikiriwi tu.

Mwaka ambao jambo hili lilitupata nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiwa na mdomo mrefu kuliko kimo changu. Mvua zilinyesha bila kupumua. Mbele ya Luena, upande wa kwenda Bukama, maji yalikula tuta la reli mbele na nyuma ya treni ya baba, akabaki katikati kama mtu aliyekwama juu ya kichuguu. Alitupigia kwa simu ya mtu mwingine, sauti ikikatika.

"Minyi niko muzima," akasema. "Mashine nayo iko muzima. Lakini siwezi kuacha mashine."

Mama alimjibu kwamba hakumtegemea aiache. Mashinisti haachi mashine porini. Ukiiacha siku mbili, utakuta shaba yake yote imeondoka na wenyeji wanaapa ni nyani. Basi baba akakaa kulinda lokomotive yake, nasi wiki ya kwanza tukatamba nalo mtaani: baba yetu yuko kule peke yake na mashine, hatikisiki. Wiki ya tatu tuliacha kutamba.

Tatizo letu lilikuwa moja, nalo lilikuwa tumboni. Chakula cha nyumba yetu kilikuja na safari za baba. Kila akirudi alishusha gunia la unga na furushi la samaki wakavu wa Lualaba, na mshahara ukija ulikuja kama nyongeza. Safari zikisimama, jiko nalo husimama. Shamba mama alikuwa nalo, lakini mahindi yake yalikuwa bado ya magotini, na mahindi ya magotini hutazamwa tu. Mama aliuza alichoweza kuuza bila watu kujua. Alipofikia vitu ambavyo watu wangejua, akaacha kuuza.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama, mimi, na wadogo zangu wawili, mapacha wa miaka saba ambao hawakuelewa kwa nini bukari unazidi kuwa mdogo wakati sahani ni zilezile. Kila asubuhi mama alisali akisimama, mikono wazi, akimwambia Mungu jina la kila mmoja wetu kana kwamba anasoma ile orodha yake. Hakulia. Hakumbembeleza. Alizungumza na Mungu kama mtu anayemkumbusha ndugu mwaminifu. Na kila honi ya treni iliposikika upande wa stesheni, aliacha alichokuwa akifanya akasimama mlangoni. Leo naweza kusema hivi bila kuogopa: mama alimwamini Mungu kwa moyo wake wote, ila alikuwa amemwachia njia moja tu ya kupitia, nayo ni reli.

Na kopo nyuma ya mlango likaendelea kupata konzi lake. Hilo ndilo lililonichoma. Unga ulipokuwa debe, sikujali. Ulipokuwa bakuli mbili, nilianza kuhesabu kwa macho. Siku moja mapacha waligombania ukoko mpaka mmoja akamng'ata mwenzake, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, hii unga ya mu kopo tungeweza kuipika leo."

"Hii unga haiko yetu."

"Lakini njo minyi nilienda kuisagisha!"

"Weye uliisagisha. Mungu njo aliiotesha."

"Sasa Mungu ataikula na nini, hata majani ya sombe akuna?"

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Aliniangalia tu mpaka nikaanza kuona aibu ya meno yangu. "Mungu hajatuacha hata siku moja," akasema polepole. Nikajibu, kwa maana shetani wa mdomo wangu hakuwa amelala, kwamba hajatuacha ila ametusahau kidogo. Alitoka nje. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na nilikuwa nimemkasirikia mama zaidi, kwa sababu yeye nilimwona kila siku.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Wangeongeza kwamba subira haipikiki.

Siku zilipokuwa mbaya kabisa, mama alifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nacheka na kufuta machozi kwa mkono uleule. Majirani zetu wa kambini huishi ukuta kwa ukuta, na jiko la mtu lisipofuka moshi saa tano, saa sita watakuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Basi saa tano mama alitoa mbabula nje, lile jiko letu la makaa, akaliwasha kwa magunzi yenye unyevu ili moshi uwe mwingi. Juu yake akainjika sufuria ya maji. Maji yalichemka vizuri sana. Tulifunika kombe, kama wasemavyo.

Lakini moshi peke yake hautoshi. Saa hiyo kila ua kambini husikika kinu kikitwanga sombe, majani ya muhogo, na ua wetu ulikuwa kimya kama wa watu waliohama. Siku ya pili mama akaliona kosa hilo.

"Twanga," akaniambia.

"Nitwange nini?"

"Minasema twanga."

Nikatia magunzi kinuni nikatwanga. Nilitwanga kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na zilikuwa nyingi. Na hapo ndipo tulipojiuza wenyewe, kwa kuwa hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua kwa sikio kilichomo kinuni. Sombe huitika kwa sauti nzito yenye maji. Mahindi hupasukapasuka. Kinu kisicho na kitu, au chenye magunzi, hulia mti juu ya mti. Mama alilijua hilo tangu kabla sijazaliwa; yeye ndiye aliyenifundisha. Njaa ilikuwa imemsahaulisha.

Upande wa pili wa ua alikaa mjane wa mwanajeshi. Alihamia mtaani kwetu kutoka Base ya Kamina, kambi ya jeshi, baada ya kufiwa, na sasa alikaanga maandazi na kuyauza njiani. Nyumba yake ilikuwa kwenye orodha ya mama. Kwa miaka miwili mama alimpelekea unga. Alipokisikia kinu chetu, aliacha kukaanga.

"Mama mashinisti," akaita kutoka ng'ambo, "leo munatwanga nini?"

"Sombe, mama," mama akajibu, sauti imenyooka.

Mafuta yake tu ndiyo yaliyosikika. "Eh," akasema mwishowe. "Sombe ikuwe nzuri." Hakuuliza zaidi, na mama akaniambia kwa macho niendelee.

Unga wa mwisho tuliusonga Alhamisi. Nilisimama pale makusudi, nione. Konzi likatoka, likaenda koponi. Kilichobaki sufuriani kilikuwa uji zaidi kuliko bukari, na mapacha walikigawana. Ijumaa tulikunywa maji ya moto na kula mapera mabichi. Jumamosi mchana mama alisema kichwa kinamuuma, akanipa kopo na ile orodha nipeleke kanisani. Haikuwahi kutokea. Mama yangu aliugua malaria akaenda kutoa unga akitetemeka, leo kichwa.

Uani kwa kanisa nilipokewa na makamu wa mama, mwanamke mnene aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi za serikali, ambaye hata uso wake huonekana umepangwa mistari. Akapokea kopo, akafungua, akaangalia ndani. Mjane wa jirani akasogea. Wote wawili wakaangalia ndani ya kopo kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuangalia makonzi machache ya unga.

"Mama yako iko wapi?" makamu akaniuliza.

"Kichwa kinamuuma."

"Hakiko kichwa," akasema mjane. "Njo njaa. Minyi nilisikia kinu yabo."

Tulikuwa tumefundishwa jibu la kutoa mtu akituuliza hali: kwetu tuko bien, yaani wazima. Nilifungua kinywa nilitoe. Badala yake yalitoka machozi, tena si ya huzuni, ya hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote na mimi sikuwa na uongo uliobaki. Makamu hakunibembeleza. Alichukua kalamu akaandika mstari mmoja chini ya orodha ya mama.

Kisha akasema, "Weye unaweza kutangulia kumuambia. Ao unaweza kwenda na siye. Angalia mwenyewe."

Nimeufikiri uchaguzi huo miaka mingi. Nilimjua mama yangu. Nikimtangulia na kumpa habari, angefunga nyumba, atushike mikono, twende kumtembelea mtu yeyote mpaka giza liingie, na unga urudi kanisani. Nisipomtangulia, wangemkuta nyumbani bila kujiandaa, na khanga yake ya kukalia, mbele ya kambi nzima. Kumlinda mama au kula. Nilichagua kula. Sioni haya kusema, ingawa siku hiyo niliona. Makamu akanipa beseni, nikajitwika.

Tulipita nyumba tatu, kisha tukakata kona kuingia mtaani kwetu. Tuliimba vibaya. Bila mama wimbo ulikuwa umeanzishwa juu mno, na kila sauti ilikuwa inatafuta pake. Wake wa watu wa reli wakatoka vibarazani, kama kawaida, kuona unga unakwenda kwa nani.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango. Alipotuona, uso ukamng'aa. Alisimama, akaanza kupiga makofi nasi kufuata wimbo, akatuelekeza kwa kidevu kwenye lango la mjane, kwamba haya, piteni hapo, kama wiki zote. Alidhani tunakwenda huko. Kisha akamwona mjane mwenyewe akiwa katikati yetu, beseni kichwani. Kisha tukalipita lango la mjane.

Mikono ya mama ilisimama kabla haijakutana. Macho yake yakatafuta katika mstari wa wanawake, mmoja mmoja, mpaka yakanikuta mimi, na beseni langu. Sijapata kuangaliwa hivyo tena. Akageuka, akaingia ndani, mlango ukafungwa, na sote tukasikia komeo.

Wimbo ukafa. Tukabaki uani kwetu, wanawake ishirini na zaidi, na mabeseni vichwani. Desturi haituruhusu kuyatua mpaka mwenye nyumba apokee, na jua la baada ya mvua huwa kali. Mtu mmoja akanong'ona kwamba tuweke unga mlangoni twende zetu. Mjane wa jirani akakataa.

"Minyi nilimufungia yeye mulango siku ya kwanza," akasema. "Alisimama mulangoni kwangu sawa weye unasimama. Akapiga hodi mpaka nikachoka kukatala. Na minyi nitasimama."

Sikulijua hilo. Katika miaka yote miwili mama hakulisema nyumbani hata mara moja. Mapacha wakatokea nyuma ya nyumba, wameloa matope, na mmoja akauliza kwa sauti, "Hiyi yote njo unga?" Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakaona vibaya kucheka.

Mjane akapanda ngazi, akasimama karibu kabisa na mbao za mlango. Hakupiga hodi.

"Mama mashinisti," akasema. "Uliomba Mungu, ao haukuomba?"

Akasogeza mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Kama haukuomba, tutarudisha unga, hakuna mubaya. Kama uliomba, fungula, juu shingo zetu zinachoka."

Tukangoja. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa najisemea moyoni kwamba mficha njaa naye hali, fungua mama, fungua, sisi si malaika. Nilisali siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na sala yangu yote ilikuwa neno hilo moja.

Komeo likasikika. Mlango ukafunguka, na mama akatoka akiwa amevaa sare kamili ya kanisa, kilemba kimefungwa sawasawa, viatu miguuni. Ndiyo maana alichelewa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini shingo ilikuwa pale pale ilipokaa siku zote.

"Niliomba," akamwambia mjane. "Sikufikiri atatuma weye."

"Na minyi sikufikiri, siku ile," mjane akajibu.

Wakaangaliana. Kisha mama akaangalia juu ya bega la mjane, akatutazama sisi sote uani, akasema kwa ile sauti isiyohitaji kipaza sauti, "Na mulikuwa munaimba mubaya!"

Ua ulilipuka. Makamu mwenyewe, wa mistari, alicheka mpaka akashika beseni kwa mikono miwili. Mama akauanzisha wimbo upya, akaushusha pale unapostahili kukaa, na sauti zote zikapata pake. Akashuka ngazi akicheza, akachukua beseni kutoka kichwani kwa mjane, akajitwika yeye. Akatuzungusha uani mara moja, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa kwenye ua, kisha akaingia jikoni kwake akiongoza unga wake mwenyewe. Mbele.

Watu wengine wangeweza kuupokea unga ule wakiwa wamekunja uso, na hakuna ambaye angewalaumu. Wengine wangeupokea wakiinamisha kichwa. Mama yangu aliupokea akicheza, na alikuwa na njaa ya siku tatu. Hilo linanipa kiburi ambacho sijakitubu.

Wengine walipoondoka, mjane alibaki. Alikuwa ameleta sombe chini ya unga, akatia kinuni mwetu akatwanga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo kinu chetu kililia kama kinu. Mama alisonga bukari mkubwa, mgumu, wa kumkabili mtu aliyetoka safari. Alikuwa akilia sasa, machozi ya wazi, na hakuacha kusonga.

"Miaka kumi na moja minabeba beseni," akaniambia. "Minapiga hodi, ninaona bantu banakawia kufungula, ninasema, hawa hawana imani. Sikujua. Kumbe mulango iko mbali sana kwa ule iko ndani."

Nilikuwa nangoja adhabu yangu, na ilipokaribia ilikuja hivi:

"Na weye ulibeba beseni."

"Ndiyo, mama."

"Ulinyoosha shingo muzuri," akasema, akageuza bukari.

Kesho yake baba alipiga simu. Mama hakungoja salamu zimalizike. Alimwambia palepale, kabla mtu wa kambini hajamwambia. "Tunakula unga ya kanisa." Nilikuwa nimeweka sikio karibu. Baba hujivuna kuliko mama, nikajiandaa kusikia akifoka.

"Batoto balishiba?" akauliza.

"Balishiba. Na kukabaki."

"Wafwako, Vidye," akasema kwa Kiluba, asante Mungu. Kisha akakohoa, kama anavyokohoa kabla ya kukiri jambo. Akasema wakulima wa kijiji kilicho karibu na reli, watu asiowajua hata majina, wamekuwa wakimletea muhogo na samaki kila siku tangu wiki ya kwanza. "Nilikuwa ninaona haya kukuambia," akasema. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mume kule na mke huku, kila mmoja alilishwa na Mungu kwa mikono ya watu na kila mmoja akaona haya. Baba alirudi mwezi mmoja baadaye, amekonda lakini mzima, na lokomotive yake haikupungua hata skrubu.

Lakini kabla hajarudi kulikuwa na Jumamosi nyingine. Unga wa kanisa ulikuwa umeisha tena, kwa kuwa midomo minne si mchezo. Wanawake walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba safari hii makamu atausoma mstari wetu mwishoni, haraka, au asiusome kabisa, mjane alete tu unga kwa mlango wa nyuma. Makamu alinyoosha mkono kupokea orodha. Mama hakumpa.

Alisimama mahali pake pa siku zote, akafungua mkoba mweusi, akatoa karatasi. Akasoma nyumba ya bibi wa karibu na pampu, watu wawili. Akasoma nyumba ya mzee asiyeona, mtu mmoja. Akasoma nyumba ya msichana aliyejifungua na mume hayupo. Sikujua ameupanga vipi, lakini mstari wetu hakuuacha mwishoni. Aliusoma katikati, mahali penyewe, baada ya nyumba ya fundi viatu mgonjwa, kwa sauti ileile, bila kuishusha wala kuipandisha.

"Nyumba ya mashinisti. Bantu bane. Banakosa unga."

Akasoma na nyumba mbili zilizofuata. Akakunja karatasi, akajitwika beseni, akaanzisha wimbo, na wanawake wakamfuata. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta wa kanisa na kopo letu mkononi. Nilitamani wakati ule kila mtu wa Kamina, wa mjini, wa kambini, na hata wa kule Base, awepo pale amwone, ili nimwambie kwamba yule ni mama yangu.